Kavira wa Butembo na Kavira wa Beni

Kitabu kile hata leo kina jina moja tu juu ya jalada, na si jina la dada yangu. Nimekishika kwa mikono yangu mwenyewe. Ni kizito, kina picha za milima ya Kipese, na ndani yake mna sura mbili ambazo dada yangu Florentine aliziandika neno kwa neno kabla ya Profesa mmoja mzungu kuzipiga chapa na kuziita zake. Mimi si msomi. Nauza samaki wa chumvi wa Kyavinyonge katika soko la Butembo, na kazi hiyo imenizoesha kumshuku kila mtu: mvuvi, dereva, na hasa mteja anayesifu samaki kabla ya kuuliza bei. Ukinisikia nawasema watu vibaya humu, ujue ndivyo nilivyo, na sitaomba radhi.

Florentine ni mkubwa wangu. Anafundisha historia katika shule ya sekondari hapa mjini. Ni mwembamba, sauti yake ndogo, darasani wanafunzi hunyamaza ili wamsikie, na jikoni hafai kabisa. Nchi ilipokuwa bado inaitwa Zaire, alikuwa ametoka tu kumaliza masomo yake. Kazi yake ya mwisho ilihusu jinsi mashamba yanavyogawiwa kule milimani, na hasa jinsi wanawake wanavyopata vipande vya kulima ambavyo hakuna karatasi inayovitaja. Hapo ndipo Profesa alipotokea. Alikuwa anatafuta jambo hilohilo, akamchukua dada yangu awe msaidizi.

Kila juma walipanda na kushuka Kipese. Akina mama waliongea na Florentine kwa Kinande huku wakipalilia viazi, naye aliwajibu huku akiwasaidia kupalilia, na Profesa alikaa pembeni akitikisa kichwa. Kila Ijumaa Florentine alimkabidhi kurasa alizoandika, naye Profesa aliteremka Beni, ambako alikuwa amepanga nyumba kwa sababu, alivyodai, baridi ya kwetu ilimwingia mifupani. Florentine hakuwahi kuiona nyumba hiyo. Hakuwahi pia kubaki na nakala ya kurasa zake. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini, akanijibu kwamba mtu huyo ni profesa. Mimi samaki wangu siwakabidhi hata kwa askofu kabla hatujapatana.

Profesa alirudi kwao na ahadi kwamba atamwita Florentine akasome Ulaya. Hakumwita. Miaka ikapita, kisha padri mmoja wa parokia yetu akarudi kutoka safari na kitabu. Florentine alikisoma akiwa amesimama mlangoni kwa padri. Alizikuta sura zake mbili, na maneno ya akina mama wa Kipese aliyoyaandika yeye. Jina lake alilitafuta kote, akalipata, au alidhani amelipata, katika ukurasa wa shukrani, chini kabisa: Kwa Kavira, kwa chai yake na subira yake.

Hapa lazima nieleze. Kwetu Wanande, mtoto hupewa jina kwa kufuata nafasi yake ya kuzaliwa. Kwa hiyo kila nyumba iliyojaliwa mabinti wa kutosha ina Kavira wake. Ukisimama katikati ya soko letu ukaita Kavira, wanawake wengi watageuka, na baadhi yao watakuuliza kwa ukali unataka nini. Jina la pili ndilo linalomtenga mtu. Dada yangu ni Kavira Florentine. Nyumbani mama alimwita Kavira tu, na Profesa pia.

"Chai?" nilimwambia aliponionyesha. "Weye? Chai yako hata paka ya jirani inaikatala!" Nilicheka kwa hasira. Yeye hakucheka.

"Angalau aliniweka," alisema.

Neno hilo, angalau, lilinichoma. Dada yangu ameibiwa shamba zima, na anashukuru kwa kuachiwa ungo. Lakini alilishikilia. Vita ya kwanza ikaja, wanajeshi wakalala nyumbani kwake, na walipoondoka makaratasi yake yote ya masomo yalikuwa majivu katika ua. Vita ya pili ikaja. Uasi mmoja ukazaa mwingine, wakubwa wakawa wanagombana wenyewe kwa wenyewe, na sisi tukawa tunajifunza kila mwezi ni nani wa kumsalimu kwanza barabarani. Katika miaka hiyo yote, kitu pekee kilichoonyesha kwamba Florentine aliwahi kuandika jambo lolote kilikuwa ule mstari mmoja wa chai.

Mwaka 2001 akaja Gérard.

Siku hizo Butembo mgeni anayeuliza maswali alikuwa jasusi. Mgeni anayepiga picha alikuwa jasusi. Mgeni asiyeuliza na asiyepiga picha alikuwa jasusi mkubwa zaidi. Gérard aliingia kwa njia ya Kasindi, kutoka upande wa Uganda, na mkoba wa ngozi na kimashine cha kunasa sauti. Alikuwa mweusi kuliko mimi. Nilimsalimu kwa Kinande, akatabasamu. Nikamsalimu kwa Kiswahili, akatabasamu tena. Nikajua kuna jambo. Sokoni wengine walisema ni Mganda, wengine wakasema ananunua dhahabu. Kumbe alikuwa mtu wa Haiti, mwalimu katika chuo kikuu kimoja cha Kanada, na padri ndiye aliyemleta kwa dada yangu.

Aliongea Kifaransa, na Florentine alinitafsiria pale kilipokuwa kinanikimbia. Alisema yeye na wenzake, wasomi weusi wa Brazili, wa Uingereza, wa Ufaransa, wa Amerika, wameshikana mikono kwa sababu wamechoka. Yeye mwenyewe alipomaliza udaktari wake, mmoja wa watahini alimuuliza mbele ya watu nani alimwandikia. Mlinzi wa maktaba ya chuo anachofundisha humwomba kitambulisho kila asubuhi, na wazungu wanaopita pembeni yake hawaombwi. Mwenzao mmoja, mwanamke wa Brazili, alikusanya habari za bibi zake kwa miaka, mkubwa wake wa kazi akazitoa kwa jina lake yeye mkubwa, na chuo kikamwambia mwanamke yule ashukuru kwa kupewa nafasi. Sasa wanavitafuta vitabu vya namna hiyo, kimoja kimoja, na kuwadai wachapishaji wavirekebishe.

"Nilikisoma kitabu cha Profesa wenu," alisema. "Sura mbili zimeandikwa na mtu aliyeshika jembe pamoja na wale wanawake. Nilimuuliza juu yake katika mkutano mmoja, mbele ya watu. Alibabaika."

Mchapishaji, alieleza, amekubali jambo moja. Ikithibitika kwamba huyo Kavira wa shukrani ndiye aliyefanya kazi ile, jina lake litatiwa kwenye sura zake katika toleo jipya. Lakini Profesa amejibu kwa maandishi kwamba Kavira alikuwa mpishi wake wa Beni, hakuna zaidi, na kwamba mwanamke huyo yu hai, akaulizwe.

Sijawahi kumwona dada yangu akipaza sauti kama siku ile. "Mupishi! Miye! Mais, hana haya yule mutu? Amemutafuta mwanamuke fulani kule Beni, amemupa kitu, sasa anasema ule njo Kavira!"

Nilikubaliana naye kabisa. Lakini nilimshuku pia huyu mgeni. Kwa nini mwanaume avuke mpaka wa nchi iliyo vitani kwa ajili ya sura mbili za mwalimu wa Butembo? Niliona anachotaka: kitabu chake mwenyewe, chenye picha ya dada yangu ndani na jina la Gérard juu. Nilimwambia usoni, na Florentine, kwa aibu, akatafsiri nusu tu.

Gérard alielewa hata ile nusu iliyobaki. "Una haki ya kunishuku," alijibu. "Ningekuwa wewe, ningenishuku pia."

Hapo nilimshuku zaidi. Mteja anayekubali bei bila kubishana, noti zake huwa za kuangaliwa mara mbili. Nikasema kama ni kwenda Beni, basi nami naenda.

Tulishuka na Papa Lukman, msafirishaji wa Beni ambaye hunibebea samaki. Jeep yake ilikuwa na mlango mmoja uliofungwa kwa kamba, na yeye mwenyewe aliwajua wanajeshi wa kila kizuizi kwa majina na kwa sigara wanazovuta. Hata hivyo kila kizuizi walimteremsha Gérard, wakafungua mkoba wake, wakamuuliza anafanya nini. Kila mara alijibu kwamba yuko katika kazi yake ya utafiti. Nilimbana Florentine kiunoni kwa kiwiko.

"Umesikia? Yake."

"Nyamaza, Marie-Jeanne. Ni ya kupitia tu."

Lakini niliona naye ameinua nyusi.

Beni ilitupokea kwa joto lake. Kakao ilikuwa imeanikwa kwenye maturubai kando ya barabara, malori ya wanajeshi yalipita katikati yake bila kujali, na ndege za mizigo zilishuka mpaka ukadhani zitachukua mabati ya nyumba. Tuliambiwa mpishi huyo anakaa si mbali na njia ya ndege. Nilikuwa nimetayarisha matusi tangu Butembo, mazuri, yenye kumgusa hata mama mkwe wake.

Alitoka mwanamke mnene, mtu mzima kuliko sisi, miguu imevimba kidogo, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa mapenzi. Alikuwa Kavira kweli, Kavira Agar. Gérard alipotaja jina la Profesa uso wake ulichangamka wote.

"Mutoto wangu wa Bulaya! Iko muzima? Mungu asifiwe! Mukaribie, mukaribie. Munajua jina yangu iko mu kitabu? Pasta alinisomea. Kavira, juu ya chai. Mutaa muzima banajua."

Nilimtazama kwa makini. Mwongo huwa anatazama mahali pengine, au anakutazama kupita kiasi. Huyu alikuwa anatafuta vikombe.

Alituletea chai. Ilikuwa ya tangawizi na mchaichai, sukari ya kiasi, na harufu yake ilifika kabla ya kikombe. Mimi, niliyekuja na matusi tayari, niliomba kikombe cha pili. Florentine alikunywa polepole, kisha akakiweka chini.

"Mama, alikuwaka nakunywa chai hii kila juma?"

"Kila juma. Akitoka kule mulimani amechoka, analilia chai. Alinikeleleshaka sana, chumvi iko mingi, maji iko baridi, miye ninavumilia tu. Siku ya kwenda aliniambia: Kavira, weye uko na subira, nitakuandika mu kitabu. Na aliniandika. Ni muzungu wa neno yake."

Nilimwona dada yangu akielewa. Hakulia. Alikaa tu, mikono juu ya magoti, na uso wake ukawa mtupu. Miaka yote hiyo aliumwa na tusi, akalibeba, akalilinda kama mali, na kumbe tusi lenyewe halikuwa lake. Profesa hakuwa amemkumbuka hata kwa kumdharau. Alimkumbuka mpishi, kwa haki kabisa, na dada yangu akajiona katika jina la mtu mwingine, kwa sababu sisi wote Kavira wetu ni Kavira.

Gérard naye alielewa kidogo baadaye, Florentine alipomweleza kwa Kifaransa kwa maneno machache. Alikifunga kimashine chake mkobani. Safari yake yote ilikuwa imejengwa juu ya mstari ule, na mstari umeanguka.

Niliinama kwenye sikio la Florentine. "Chukua tu. Huyu mama hajui kusoma. Useme njo weye, nani atajua?"

"Miye nitajua," alisema. "Ni kitu kimoja tu yule mutu alilipa mu inchi hii, na tena nimunyanganye huyu mama?"

Mama Agar alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine. Alianza kupata wasiwasi, na nilimwona akiwaza sisi ni akina nani hasa. Kisha akamkazia macho Florentine.

"Weye njo madame wa mulimani?" aliuliza. "Ule wa makaratasi ya wino wa kijani?"

Florentine aliinua kichwa.

"Ilikuwaka nafika na yeye kila Vendredi, kila Ijumaa," akaendelea Mama Agar, akifurahi kwamba amelifumbua. "Maandiko muzuri, imenyooka. Anaziweka huku, mashine huku, anaangalia, anapiga, anaangalia, anapiga. Akimaliza karatasi, ananiambia: Kavira, washa nayo makala ya jiko. Hapendi kitu ipotee bure. Na zilikuwaka nawaka bien! Njo nilipikia ile chai…"

Aliona nyuso zetu. Aliitazama sufuria yake, akamtazama Florentine, akaweka kiganja mdomoni.

Hakuna aliyemlaumu. Nasema hivi kwa sababu baadaye Mama Agar aliuliza mara nyingi kama tunamlaumu. Florentine aliondoka kwenye kiti chake akaenda kukaa naye kwenye mkeka, wakashikana mikono.

Gérard alikuwa amekitoa kimashine tena. Maneno hayo, alisema, yanafaa kuliko mstari wa shukrani. Ni shahidi aliyeona kazi ikinakiliwa. Mama Agar alipokiona kile kitu kikiwaka taa nyekundu, alirudi nyuma kama aliyewaona wanajeshi.

"Mutanipeleka kwa basoda? Miye niliwasha tu makala!" Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza lile lililokuwa linamuuma zaidi. "Na jina yangu? Nikisema, batalifuta mu kitabu?"

Gérard, alipotafsiriwa, alisita. Nilimwona akihesabu kichwani mwake mambo ya wachapishaji. Florentine hakumngoja.

"Hapana, mama. Jina yako itabakia. Chai ulipika kweli."

Basi akakubali. Na hapa jambo moja lazima niliseme wazi, maana ndilo lililoleta yote yaliyofuata. Aliyeuliza maswali alikuwa Florentine. Aliuliza kwa Kiswahili na kwa Kinande, kama alivyokuwa akiuliza kule Kipese, bila haraka, akirudi nyuma, akimsaidia Mama Agar kuchambua maharage huku wakiongea. Ndege iliposhuka alinyamaza mpaka ipite, kisha akauliza tena kuanzia pale. Gérard alishika mashine tu. Hata mimi, ambaye sijui mambo hayo, niliona kwa nini sura zile mbili Profesa asingeweza kuziandika. Dada yangu alipendeza siku ile, na nilijivunia.

Kuhusu Gérard bado nilikuwa macho. Ukanda wenye sauti ya Mama Agar ulitiwa mkobani mwake, si mkobani mwa Florentine. Nilitaka tuurudufu kwanza kwa vijana wanaouza muziki karibu na soko la Beni. Papa Lukman akasema mvua inakuja, tuondoke.

Kizuizi kilichotukamata kilikuwa kimewekwa upya wakati tuko Beni. Papa Lukman hakumjua hata mmoja wao, akazima injini bila kuambiwa. Walipekua mkoba. Kijana mmoja mwenye miwani ya jua alibonyeza kimashine, sauti ya Mama Agar ikatoka, ikieleza makaa, na nyuma yake, wazi kabisa, ndege ikishuka. Alirudisha. Akasikiliza tena. Malori. Ndege nyingine.

Akamwita kamanda wake, mtu wa makamo aliyekuwa anakula ndizi choma kwenye kibanda. Kamanda alisikiliza hadi mwisho wa ndege ya pili. "Munaandika ndege zetu," alisema. "Ingapi zinashuka, saa ngapi. Nkolo na yango nani? Mwenye hii kazi ni nani?"

"Ni yangu," Gérard alijibu haraka, Florentine alipomtafsiria. Neno hilo moja alikuwa amejifunza kwa Kiswahili. Akaendelea kwa Kifaransa: yote ni yake, mashine, ukanda, kazi. Florentine amemsindikiza tu, hahusiki.

Niliwaka. Ndivyo nilivyosema tangu mwanzo! Amelisema hata mbele ya bunduki! Ilinichukua muda kuona kwamba anataka wamkamate yeye. Alikuwa na pasipoti ya Kanada. Wangemnyang'anya vitu, wangemrudisha Kasindi, basi. Mtu wa hapa angeingia kachoni, mahabusu yao, na watu wa hapa waliokuwa wakiingia kachoni siku zile wengine hatukuwaona tena. Alikuwa anamwokoa dada yangu.

"Hapana," Florentine alisema.

Sauti yake ni ndogo, nimekwisha kusema. Wote walinyamaza ili waisikie.

"Hii kazi ni ya miye. Miye njo niliuliza. Huyu alishika tu mashine."

Gérard alimwita kwa jina, akamsihi kwa Kifaransa. Mimi nilimvuta nguo. Papa Lukman alifumba macho na kusoma dua. Kamanda alimuuliza tena, akarudia kwa Lingala ili asije akasema hakuelewa, na dada yangu akarudia jibu lilelile. Walimteremsha. Sisi tulipewa amri ya kuendelea na safari. Gérard alikataa, akakaa chini kando ya barabara, kwenye matope, na mkoba wake mtupu, na hawakujua wamfanye nini, wakamwacha.

Nilirudi asubuhi na chakula. Gérard alikuwa bado pale, suruali imekauka matope. Nilimpa kipande cha muhogo. Kumwamini ni jambo jingine, lakini muhogo nilimpa.

Kamanda alikuwa amepoa. Alikuwa amesikiliza ukanda wote, na nadhani ulimchosha, kwa kuwa mle ndani hamna kitu isipokuwa wanawake wawili na maharage. Lakini alikwisha kupeleka habari kwa mkubwa wake kwamba amekamata jasusi, na hakutaka kuonekana mpumbavu. Alinipokea vizuri, akaniita mama, akanionyesha njia.

"Sikia, mama. Uambie yaya yako, mukubwa wako, aseme tu: haiko yangu, ni ya ule mugeni. Ninaandika, nafukuza mugeni, yaya anarudia kwake leo hii. Ukanda tunachoma, affaire imekwisha."

Waliniruhusu nimwone. Kacho yenyewe ilikuwa stoo ya zamani ya kahawa, dirisha moja lenye nondo, sakafu ya udongo. Florentine alikuwa amekaa juu ya gunia. Baridi ya usiku ilikuwa imemkausha midomo, na nywele zake zilikuwa na vumbi la kahawa. Nilimpa chakula, nikamwambia maneno ya kamanda, nikamwambia kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa machozi. Nilimwambia hata Gérard mwenyewe amekubali kubeba. Nilimwambia ni neno tu, la uongo mdogo, mbele ya askari asiyejua hata kitabu ni nini.

"Yaya, sema haiko yako. Twende kwetu. Nakuomba."

Alikula kwanza. Alikuwa na njaa.

"Marie-Jeanne," alisema, "kule Bulaya yule Profesa anasema haiko yangu. Nikisema vile vile hapa kwetu, na kinywa yangu mwenyewe, Gérard ataenda kubishana na nani?"

Nilimkasirikia sana, nilitamani kumzaba kibao, na papo hapo sikuwahi kumpenda kiasi kile. Kamanda alikuja mlangoni na kalamu yake, akamuuliza kama amefikiri vizuri, kazi ile ni ya nani. Florentine akamtajia jina lake lote, taratibu, Kavira Florentine, akangoja mpaka amalize kuliandika.

Kamanda akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye wa kulaumiwa. "Leo hatoki," alisema.

Basi nikaenda kumtafutia blanketi.